Nilikwenda Kuona Shamba Siku ya Mvua

Mimi si mtu wa kushangilia ovyo, wanangu wanajua. Lakini asubuhi ile mvua ilipoanza kupiga mabati ya nyumba yangu ya kupanga hapa Kisumu, nilivaa gambuti haraka kama msichana anayekimbilia harusi. Nilikuwa nimeiombea mvua hiyo tangu kiangazi.

Sababu ni hii. Nimekaanga samaki mjini miaka mingi na nimelala kwenye nyumba za watu miaka hiyo yote. Kwetu Maragoli shamba limegawanywa hata ukipepeta maharagwe, makapi yanaangukia kwa jirani. Nikasema kabla nguvu hazijaisha nitakuwa na boma langu, ng'ombe mmoja, na mahali pa kuzikwa bila kumwomba mtu ruhusa. Akiba yangu ilitosha kununua mara moja tu. Nikikosea, nimekosea mpaka kaburini.

Broka alikuwa ametuonyesha shamba upande wa Ahero, jua likiwaka. Tambarare kama meza, udongo mweusi, barabara karibu. Binti yangu alipiga picha kila pembe. "Mama, hapa ndipo," akasema. Broka naye akasema, "Mama, ukichelewa, kesho utakuta mwingine amejenga." Nikamwambia huyo mwingine ajenge tu. Mimi nilikuwa natazama nyumba ya jirani. Ukuta ulikuwa umekandikwa udongo mpya kutoka chini mpaka kiunoni. Juu ulikuwa wa zamani. Sasa nani anakandika nyumba nusu? Nilisema tu tutarudi mvua ikinyesha.

Basi ilinyesha. Nikampigia broka simu. "Leo, Mama? Huku hata pikipiki hazipiti!" Nikamkatia. Nikaondoka na binti yangu, naye akanung'unika njia nzima.

Shamba hatukulikuta. Tulikuta maji, na vigingi vya broka vikichungulia katikati yake. Binti yangu alisimama na simu mkononi, na siku hiyo hakupiga picha hata moja. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Pesa yangu yote ingekuwa imelala pale chini na vyura!

"Nyinyi mnaocheka, mmekuja kutazama sinema?"

Alikuwa mwanamke wa rika langu, amesimama mlangoni pa ile nyumba ya udongo nusu, maji yakimfika juu ya vifundo, ameshika kuku kwa miguu, wengine kulia, wengine kushoto.

"Tulikuja kununua shamba," nikasema.

"Basi nunueni pamoja na mashua." Kabla sijamjibu alinisukumia kuku watatu mikononi. "Shika. Leo hapa hakuna wa kusimama bure."

Nikashika. Binti yangu alipewa jogoo, akapiga kelele kuliko jogoo mwenyewe. Tukamfuata mama huyo ndani ya maji mpaka tukafika kwenye mwinuko mdogo, wala huwezi kuuita kilima. Mbuzi wake walikuwa wameshafika, wanatafuna majani ya miiba kama wamealikwa. Tukafunika kuku kwa kapu. Ndipo nikaona kwamba chini ya gambuti zangu maji hayakusimama. Yalikuwa yanateremka yakienda zake.

Nikaomba jembe. Nikaondoa mawe, nikachimba kina cha mkono mzima. Chini kulikuwa na udongo mwekundu, mzuri. Mvua ikaingia shimoni, nikangoja, na shimo likayanywa maji yote. Moyo ulinidunda hata nikaogopa binti yangu atausikia.

"Hapa ni pa nani?"

"Pa shemeji yangu. Nyinyi wa mjini mnataka tambarare. Hapa mnasema ni mawe."

"Anauza?"

Alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka gambuti. "Unataka kufanya dala hapa," akasema, maana yake boma. "Utaweka geti?"

Hapo nikafahamu kwamba sikuwa peke yangu katika kukagua.

Karatasi za shamba tulizipeleka ofisi ya ardhi, zikaonekana safi. Kisha tukakaa na shemeji huyo, mkewe na wanawe, pamoja na yule mama wa kuku. Wote walikuwa wamekubali kuuza, lakini kwa sharti moja: njia ya kupanda pale isifungwe, na maji yakija, mifugo ya jirani ipande kwangu.

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, wewe hata paka humtaki ndani ya nyumba."

Ni kweli. Nilikuwa nimetamani mahali ambapo siombi mtu na mtu haniombi. Lakini nikalikumbuka lile shimo, na maji yaliyoteremka yakaenda zake.

"Kuku, sawa," nikasema. "Mbuzi, nje."

"Mbuzi barazani," akasema yule mama.

"Nimesema nje."

"Kwani baraza iko ndani?"

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Nikampa mama yule mkono, tukamaliza.

Sasa fundi ameanza msingi, nami kila siku niko pale kabla yake, namsumbua. Jana nilimwambia baraza iwe pana zaidi. Akauliza kama nitakuwa na wageni wengi. Nikamwambia ashuke kwa jirani akahesabu mbuzi.