Mgongo wa Mama

Mama aliacha kunitazama siku niliyorudi kutoka kwa mume wangu. Nilikuwa nimeolewa Nyamarambe, nikapigwa, nikavumilia, nikachoka, nikafunga virago nikarudi kwetu Nyamira. Alinikuta nimeketi jikoni na begi langu. Akageukia moto. "Hapa si kwako tena," alisema, huku akisonga ugali. Tangu siku hiyo alizungumza nami akiwa amenipa mgongo, iwe anachuna chai au anafua. Hakunifukuza. Alinilisha, lakini hakunitazama.

Nilipanga chumba Suneka nikafungua studio ya picha. Wateja wangu walitaka kung'arishwa tu. Kazi kubwa ilikuwa kwenye kompyuta: ninawapunguzia weusi, ninawafutia makovu. Nyuma yao nilitundika pazia lenye picha ya maporomoko ya maji wasiyoyajua. Waliondoka wamefurahi, nami nikabaki nikiwadharau, na nikijidharau pia.

Siku moja nilisikia kwamba kuna maonyesho ya picha katika ukumbi mmoja mjini Kisii. Nilienda kutafuta makosa. Picha zilikuwa kubwa, nyeusi na nyeupe, na watu wote walikuwa wamepigwa kutoka nyuma. Hapakuwa na uso hata mmoja. Mwenye picha, kijana kutoka Nairobi, alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Hawa watu wamekukosea nini?" nilimuuliza.

"Kwa nini, dada?"

"Umewanyima nyuso."

"Uso hujipanga ukiona kamera. Mgongo haujui kujipanga."

"Mimi nina studio. Nikimpa mteja picha kama hii atanitupia."

"Na wewe nyuso zao unazifanyia nini?"

Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Niliondoka bila kuaga, nikamtukana moyoni kwa Ekegusii kwa sababu Kiswahili hakikunitosha.

Lakini picha moja ilikataa kunitoka. Mwanamke ameinama juu ya karai, kitambaa cha kichwa kimelegea, shingo imekaza. Alijua kuna mtu nyuma yake na alikuwa amekataa kugeuka. Hakuwa mama, lakini ukaidi huo niliujua. Nililelewa nao.

Jumapili iliyofuata nilienda Nyamira na kamera. Mama alikuwa shambani, kapu la majani chai mgongoni. Nilimsalimu, akaitikia bila kugeuka. Nikapiga picha. Alisikia mlio.

"Unafanya nini?"

"Ninakupiga picha."

"Mgongo wangu una nini?"

"Ndio ninaoujua, Mama."

Alianza kuchuna kwa haraka, akang'oa hata majani yaliyokomaa ambayo hayanunuliwi na mtu.

Nilirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Ilikuwa vita. Alijificha kwenye migomba. Mara moja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Kaka yangu akanipigia simu.

"Unamwinda mama kama mnyama," alisema. "Watu wa kanisa wanauliza hizo picha unazipeleka kwa mganga gani."

"Hao ndio walionishauri nirudi nikapigwe. Waambie waulize tena."

Alikata simu. Hadi leo akinikuta njiani anaangalia upande wa pili.

Kisha ikaja siku ambayo mama alikuwa jikoni akimenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nilisimama mlangoni nikainua kamera. Alitupa kisu kwenye beseni na kugeuka mzima. Sikuwa nimeuona uso wake sawasawa kwa muda mrefu. Alikuwa amezeeka. Jicho moja lilikuwa limeingiwa na ukungu mweupe, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Piga," alisema. "Piga uone ulichonifanya."

Nilipiga.

"Nimekufanya nini?"

"Umeniachia watu niwajibu. Sokoni, kanisani, kila mahali. Mimi baba yako alinipiga nikakaa. Nani angenipokea mimi?"

Aliokota kisu chake, akaendelea kumenya.

Nilichapisha picha hiyo kwa ukubwa wa mlango. Sikuing'arisha, wala jicho sikuligusa. Nilibandua pazia la maporomoko ya maji, nikaitundika hapo. Jicho lilitazamwa hospitalini baadaye. Mama alikubali kutibiwa, ila alisema nisidhani tumepatana. Hatujapatana. Bado ananiuliza ninarudi lini kwa mume wangu, na bado ninamwambia sirudi.

Siku hizi ninapiga watu walivyo. Wateja wamepungua. Wengine wakiingia huiona picha ya mama wakauliza kwa nini yule mzee amekasirika, nami huwajibu kwamba ana sababu. Juzi aliingia mwanamke aliyevimba mdomo. Alitaka picha ya kitambulisho cha kazi na akaniomba nimfutie uvimbe.

"Mimi sifuti," nilimwambia. "Keti nikupige ulivyo, au uje ukipona."

Alinitazama kwa chuki niliyoitambua.

"Wewe unajiona nani?" alisema, akachukua mkoba wake akavuka barabara hadi studio ya jirani, ambako wanafuta kila kitu.

Sikumlaumu.