Leso Mbili Kwenye Kona ya Pili

Shangazi yangu Kalekye hajui kuendesha gari. Hata baiskeli humtia wasiwasi. Lakini kwa miaka kumi na mmoja amesimama kwenye kona ya pili ya uwanja wetu wa mbio za magari, nje kidogo ya mji wa Machakos, na bendera ya manjano ya tahadhari mkononi. Yeye ni fundi wa nguo. Klabu ilimpa kazi ya kushona bendera, akazipeleka mwenyewe, akauliza zinatumikaje. Tangu siku hiyo hajakosa mbio hata moja. Cherehani yake ndiyo iliyonisomesha chuoni mpaka nikawa fundi wa magari na dereva wa mbio.

Jumapili ninayoikumbuka, manyunyu yalikuwa yameanguka asubuhi na udongo ulikuwa laini. Ilibaki mizunguko miwili. Nilikuwa mbele; nyuma yangu Hirad, ambaye jamaa zake huuza mbuzi sokoni, na ambaye tumeshindana misimu mitatu. Nilipokata kona ya pili, nikasikia kishindo. Gari langu likazunguka, lake likapanda rundo la matairi likainama upande. Hakuna aliyeumia.

"Umetoka wapi wewe?" nilifoka kabla hata ya kuvua helmeti.

"Nilikuwa kando yako! Huna macho?"

"Kando gani? Umeniingilia kutoka nyuma kama mbuzi ameona mahindi!"

"Mbuzi wangu hawagongani kwa kona, Ndunda. Wako na adabu."

Watazamaji wengi walikuwa wa kwetu Kathiani. Waliteremka kwa makelele, wakitaka Hirad afungiwe. Bi Peris, msimamizi wa mbio, alisema wazi: mwenye kosa atakaa nje mbio tatu zote zilizobaki msimu huu. Hirad hakuwa na wa kumsemea isipokuwa fundi wake mmoja, naye sauti yake ilimezwa.

Mimi niliapa mbele ya watu wote. Chuoni ndimi niliyekuwa nikishika kipaza sauti tulipodai haki, na sauti ile ile niliitumia pale. Sikuwa mwongo. Sikuwa nimemwona Hirad, basi nikaapa hakuwepo kando yangu.

Nikageuka kumtafuta Shangazi, shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote. Hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amefungua leso yake ya kiunoni na ile ya mabegani, anazitandaza juu ya udongo na kuzikandamiza kwa mawe.

"Aiya! Msikanyage hapa! Wewe wa viatu vyekundu, si nimesema rudi nyuma?"

Bi Peris alipofika, Shangazi akaziinua leso moja baada ya nyingine. Chini yake alama za magurudumu zilikuwa safi kama mshono.

"Hii ni ya Ndunda," alisema. "Tairi yake ya mbele kushoto iko na meno makubwa kuliko zingine. Tulinunua mtumba Jumatano, nilikuwa hapo."

Alama zetu zilikwenda sambamba hatua kumi nzima kabla ya kona. Ya Hirad, upande wa ndani, ilinyooka, kisha ikapanda hadi kwenye nyasi: alikuwa akinikwepa. Yangu ndiyo iliyopinda kumfuata. Na sheria ya mbio ni nyepesi: aliyekwisha kufika kando yako, mwachie nafasi ya gari moja.

"Kalekye!" mtu akapiga kelele. "Sasa unauza damu yako?"

"Damu siuzi. Mimi nashona nguo."

Nilimsogelea. "Shangazi, mimi ni mtoto wako," nikanong'ona.

"Najua, mwana wakwa. Hata kama haki ingekuwa yako, leso ningezitandika."

Niliinama nikaitazama ile alama ya kwenye nyasi. Mtu alikuwa ameniachia uwanja mzima, nami nikamfuata mpaka pembeni nikamgonga.

"Bi Peris, kosa ni langu," nilisema. Watu wa Kathiani wakaanza kutawanyika, na Hirad akavua helmeti yake.

Sitajifanya nilifurahi. Wiki nzima sikuzungumza na Shangazi, ingawa nilikula ugali wake kila jioni. Yeye aliendelea kushona. Siku moja tu alisema, bila kuinua kichwa, "Kitambaa kikikatwa vibaya, fundi halaumu makasi." Nikaenda nikamnyooshea Hirad mlango wa gari lake kwa mikono yangu. Alisimama juu yangu muda wote.

"Piga polepole, bwana. Hiyo ni mlango, si ngoma."

Siku hizi namshukuru Mungu kwamba kona ile ilikuwa na mwanamke yule. Asingezitandika leso zake, umati ungefuta alama kwa viatu, Hirad angefungiwa kwa kosa langu, nami ningebeba kombe nikidhani ni langu kwa haki. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa somo kubwa hivyo.

Mbio tatu za adhabu yangu nilizitumikia kwenye kona ya pili, nikishika bendera na daftari la ripoti kando ya Shangazi. Katika ile ya kwanza, Hirad alipita kasi, ubavu kwa ubavu na gari jingine, matope yakaturukia usoni.

"Umeona nini?" akaniuliza Shangazi, akijipangusa kwa leso.

"Hirad amemwachia mwenzake nafasi."

"Basi andika hivyo."

Nikaandika.