Nyuma ya Kila Jiwe: Siku Nne Kwenye Mto Murembwe

Niliondoka Kabezi kwa sababu ziwa lilikuwa limeingia shambani mwangu na halikuonyesha dalili ya kutoka. Mwaka wa kwanza lilichukua mihogo ya ukingoni, mwaka uliofuata likafika kwenye migomba, na mvua za mwisho zilipokwisha nilikuwa nikisimama mlangoni asubuhi na kuyaona maji yakimeta pale nilipokuwa nikilima. Mimi ni mtu wa jembe. Ziwa tumekaa nalo jirani maisha yote, lakini sijui kuogelea, na tangu lianze kupanda nililiogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyekwisha kumuuma.

Mke wangu Zaituni ndiye aliyetoa shauri kwamba nijifunze kuvua. Mama yake, Mama Hadija, anaishi Rumonge, na tangu afiwe na mumewe amekuwa akivua kwa ndoana kwenye mto Murembwe, peke yake, kazi ambayo wanawake wengi wa huko hawaifanyi. Watu husema anajua samaki walipolala. Kumbe mwenyewe alikuwa ameshatuma salamu: mukwe wangu aje, nimfundishe. Si wanawe wa kiume wala Zaituni. Mimi. Jambo hilo lilinitia wasiwasi. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hamkai mkeka mmoja, hamgusani, na ukisema naye unainamisha macho. Nitajifunzaje kazi ya mikono kwa mtu nisiyeweza kumsogelea?

Siku ya Jumatatu alfajiri nilipanda baiskeli, maana mafuta yalikuwa hayapatikani na mabasi hayakuwa na uhakika. Barabara inafuata ziwa, na mahali pengine mawimbi yalikuwa yameila lami hadi katikati. Hapo nilishuka, nikaikokota baiskeli upande wa mlima bila kutazama chini. Minago nilipumzika kwa mama mmoja aliyeuza mihogo ya kuchemsha. Aliponiuliza naenda wapi nikamwambia Murembwe, kuvua. Akaniangalia miguu, akaniuliza kama huko kwetu hatujasikia kwamba iko viboko. Nikamjibu tumesikia. Mihogo ile sikuimaliza.

Jioni nilifika Rumonge, nikapiga hodi. Mama Hadija alinipokea vizuri, akaniulizia wajukuu mmoja mmoja. Aliponimiminia chai aliweka kidole ndani ya kikombe mpaka chai ikamgusa, ndipo akaacha kumimina. Nikadhani ni desturi ya wazee. Baadaye nikamwona akifunga ndoana kwa midomo, akiupapasa uzi kwa ulimi, nikajisemea kwamba huyu kweli ni fundi.

Jumanne asubuhi tulikwenda mtoni. Yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi, kama inavyotakiwa. Alivua viatu, akatembea ukingoni polepole, akisimama kila mara kusikiliza. Alinifundisha kwamba samaki ni kama mtu anayesubiri mgeni njiani: hataki kusimama kwenye upepo, lakini hataki pia kuwa mbali na njia. Kwa hiyo mutafute pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia. Tafuta mizizi iliyoning'inia chini ya ukingo uliobomoka. Tafuta mahali ambapo ngazi, yale matunda ya mawese, huanguka mtoni kutoka kwenye michikichi. Zaidi ya yote, tafuta jiwe, kwa sababu nyuma ya kila jiwe maji hupumzika, na samaki hupumzika nayo.

Nilitupa ndoana mara nyingi, nikanasa majani. Yeye alipata kambale wawili. Lakini mimi kutwa nilikuwa nikihesabu vichaka vilivyotikisika.

Jumatano alinipeleka chini zaidi, mto unapokaribia ziwa na kupanuka. Maji yalikuwa na rangi ya udongo. Mama Hadija alisimama, akakunja uso kuelekea mbele yetu, kisha akatabasamu.

"Iko jiwe pale," akasema. "Mwezi uliopita halikuwapo. Mvua imelileta. Nyuma ya jiwe jipya, mukwe wangu, samaki hawajaanza kuogopa watu."

Akaingia majini mpaka magotini, ndoana mkononi. Nami nikatazama alikotazama. Jiwe lile jeusi lilikuwa na sikio, na sikio lile lilitikisika likafukuza nzi.

Niliogopa kwamba nikipiga kelele yule mnyama atageuka. Niliogopa pia, na nasema hivi bila kujisifu, kumgusa mama wa mke wangu. Nilisimama pale nikiwa na hofu mbili, yeye akiendelea hatua kwa hatua, na ndipo nikaelewa kidole kwenye kikombe, uzi kwenye midomo, na miguu iliyovuliwa viatu. Haoni.

Nikaingia majini. Nikamkamata kiunoni kwa nguvu zote, nikamvuta nyuma, tukaanguka ukingoni, nikamburura hadi kwenye michikichi. Kiboko aliinua kichwa, akafunua kinywa, akatoka majini mpaka pale tulipokuwa tumeacha kikapu. Akakikanyaga. Alisimama kwa muda nilioona kama nusu siku, kisha akarudi zake.

Kanga yake ilikuwa imemvuka kichwani. Niligeuka pembeni mpaka alipoiweka sawa.

"Umenishika," akasema.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Lilikuwa nini?"

Nikamwambia. Mikono yake ilipapasa nyasi. Baadaye akanieleza kwamba ukungu ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia, na sasa alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Hakumwambia mtu. Wanawe wangemkataza mto na kumketisha uani kama mutoto. Zaituni angelia.

"Nikakuita wewe," akasema, "kwa sababu mukwe hawezi kunigombeza. Nilitaka haya ninayoyajua yapate mtu kabla sijashindwa kabisa. Usimwambie Zaituni."

Nilinyamaza, naye akauchukua ukimya wangu kuwa ni ndiyo.

Alhamisi tulirudi mtoni, mbali juu, kwenye maji membamba. Safari hii mimi mbele, yeye ameketi nchi kavu. Nilimweleza ninachokiona, naye akaniuliza: povu linazunguka au linapita? Majani yanakwenda haraka upande upi? Kisha akaniambia pa kutupa. Kufikia adhuhuri nilikuwa na ngege watatu na kambale mmoja mnene, na kwa mara ya kwanza nilisimama majini bila kuhesabu vichaka. Lakini furaha ile haikukaa, kwa kuwa kesho yake ningerudi nyumbani na Zaituni angeuliza.

Ijumaa nilirudi Kabezi na samaki wa kukaushwa. Njia nzima nilitafuta maneno. Zaituni alipokea mzigo, akauliza, "Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Nikanawa, nikala, nikasali. Kisha nikamwita ndani nikamweleza yote. Hakulia. Alianza kukunja nguo za safari.

Zaituni alimpeleka mama yake kwa daktari, naye akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba macho yanasafishika. Jicho moja limeshafanyiwa, la pili linangoja. Mama Hadija hakutaka kusema nami kwa muda mrefu. Salamu zake zilikuwa zikiwafikia watoto tu. Nilistahimili. Mto umenifundisha kusoma maji, na sasa nyumba yangu inakula kwa ujuzi huo, lakini nilichojifunza zaidi ni kwamba kuna heshima inayoweza kumwacha mtu aingie kinywani mwa mnyama.

Juzi alikubali tufuatane mtoni tena. Alisimama ukingoni akatazama kwa jicho lile jipya, taratibu, kama anayesoma barua. Akaniuliza njia ile pana ya nyasi zilizolala ni ya nani. Nikamjibu kwamba ni ya viboko, hupanda nayo kwenda malishoni.

"Nimepita hapa kila asubuhi," akasema. "Nilikuwa nafurahi ni laini miguuni."

Akaketi chini ghafla. Alipotaka kusimama miguu haikumtii, nami nilisubiri mbali, macho chini. Ndipo akaninyooshea mkono mwenyewe.