Mguu wa Mama Mkwe

Sogea, mwanangu, nikueleze jambo kabla hujaenda kliniki. Nakumbuka siku moja, ningali mke mgeni, nilimsindikiza mama mkwe wangu kutoka Kiswere kwenda kutibiwa Kivinje. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba imejaa sokoni, na maduka ya dawa yanafunguliwa kila pembe, kila moja na ahadi yake.

Mama alikuwa na matende mguu wa kushoto. Daktari mmoja kijana alikuwa akifanya utafiti. Wagonjwa waliokubali waligawanywa kwa kura: wengine wakameza vidonge tu, wengine vidonge pamoja na kuosha mguu kwa sabuni kila siku. Ndivyo ijulikanavyo tiba ipi inafaa, mwanangu, si kwa kubahatisha. Na alituahidi tangu mwanzo kwamba atakayezidiwa atatolewa kundini atibiwe haraka. Mama aliangukia vidonge tu.

Siku hiyo ninayokueleza tulikuwa tumerudi apimwe tena. Nyumbani alikuwa akitetemeka kwa homa, na katikati ya vidole pametoka kidonda. Lakini daktari alipomwamkia na kumuuliza mguu unaendeleaje, aliuvutia khanga akajibu, "Marahaba, baba. Alhamdulillahi, sijambo kabisa. Wanao hawajambo?"

Daktari akashika kalamu. Mimi nikatazama sakafu. Kwetu mke wa mtoto hamkanushi mama mkwe mbele za watu. Basi Mama angerudi Kiswere na vidonge vyake, na kidonda kikizidi kumla.

Muuguzi wa makamo, aliyekuwa akikunja bandeji, akanigeukia. "We binti, umeleta mgonjwa au umeleta mtu wa kusalimia?"

Nikapiga goti. "Mama, niwie radhi. Mwoneshe vidole."

"Mkamwana! Unanivua nguo mbele ya mtoto wa watu?"

"Nguo ibaki, mama," daktari akasema. "Mimi naomba kandambili tu."

Mama akacheka bila kutaka, akaivua. Harufu ilijieleza yenyewe. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, ningeandika hujambo, kuna mama mwenzio Likawage angepewa vidonge tu kwa ushahidi wako."

Walimtoa kundini kama walivyoahidi, wakamlaza siku ileile, wakamtibu kidonda, wakamfundisha kuosha mguu. Haukurudi kama zamani, nisikudanganye; ila kidonda kilifunga, na akaweza tena kwenda kwenye mikorosho yake. Alininunia juma zima. Kisha akaniita nimmiminie maji ya kuoshea mguu.

Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua. Adabu ni njema, lakini daktari hatibu adabu, na anayepima dawa hupima kwa maneno yako. Ukimpa ya uongo, atakayeumia hata humjui. Mungu akujaalie mwili wenye afya na ulimi usioogopa. Ukifika mbele ya daktari, salimia, mshukuru Mola, kisha vua kiatu umwoneshe panapouma.