Usaili wa Kihispania Kibanjani Kwetu

Kihispania ni lugha ya watu wanaojishughulikia sana. Sisi tukiamka, tumeamka, basi. Wao wanajiamsha, wanajikalisha, wanajilaza, kama vile kila mmoja ana mtoto ndani yake anayehitaji kutunzwa tangu asubuhi. Sista mmoja mzee kutoka Meksiko, aliyenifundisha kila Jumamosi pale Kashozi, alinikaririsha maneno mpaka nikawa nayaota: me levanto, naamka, me siento, naketi, me quedo, nabaki. Nilipoanza kujisifu akaniletea balaa jingine, mambo ya "ninge". Me levantaría, ningeamka. Me quedaría, ningebaki. Hapo ulimi ukagoma. Nikitaka kusema ningeketi, nasema niliketi. Nikitaka angebaki, natoa ningebaki. Sista alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilinuna, maana sipendi kushindwa, hasa na kitu kisicho na miguu.

Na nilihitaji kushinda. Kazi yangu ilikuwa kuonja kahawa kwa mnunuzi mmoja Bukoba mjini, na nilikuwa nimeomba kwenda Kolombia mwaka mzima kujifunza kukaanga na kuonja kama wanavyofanya mabingwa. Nafasi ilikuwa moja tu. Usaili ungekuwa kwa simu ya video, kwa Kihispania, na mwalimu wa huko alitaka kuona mibuni ya nyumbani kwetu. Nikapanda gari hadi Buganguzi, kwa mama.

Mama ni mjane na mimi ndiye kitinda mimba. Wenzangu wote wameshatawanyika. Tangu nimwambie habari za Kolombia jibu lake lilikuwa lile lile: "Nenda, nani amekushika?" Halafu anaendelea kumenya ndizi. Kusema kweli, liliniuma. Nilitaka walau ajifanye kunishika mkono.

Saa kumi alasiri, ambayo kwao ni asubuhi, niliegemeza simu juu ya kigoda kibanjani, kati ya migomba na mkeka wa kahawa iliyoanikwa. Nikasahau hata kusema buenos días, habari za asubuhi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na haraka isiyo na upole hata kidogo. Akaniuliza siku yangu ingekuwaje kama ningekuwa kwao. Yale yale ya "ninge"! Nikaanza: me levantaría... halafu giza.

Hapo ndipo mama alipotokea, amevaa kitenge kipya, ameshika kisahani cha kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni haongei kitu cha maana kabla hajapokea punje mbili tatu za akamwani, na kwa mama, mtu aliyeingia kibanjani kwake ameingia, hata kama ameingilia kwenye simu. Akapiga goti mbele ya kigoda, akasukuma kisahani mpaka kikagusa kioo.

"Karibu waitu," akasema kwa ile heshima ya Kihaya, akangoja.

"Mama, hawezi kuchukua," nikanong'ona.

"Kwa nini? Ana kiburi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mwalimu alikuwa amesogea karibu na kioo, anauliza ni nini kile. Nikamweleza. Akauliza, kama angekuwa hapa, angeketi wapi? Nikamjibu bila kufikiri: se sentaría hapa, kwenye mkeka, karibu na mama. Mama akavuta kanga yangu. "Muulize, akija atalala au ataondoka leo leo?" Nikauliza: ¿se quedaría? Angebaki? Mwalimu akasema angebaki mpaka afukuzwe, na punje angezichukua zote.

"Basi mchukulie wewe," mama akaamua. "Mgeni asirudi mkono mtupu."

Nikatafuna kahawa ya mwalimu kwa niaba yake, katikati ya usaili, shavu limetuna, na maneno yakatoka! Ningeamka mapema, ningejizoesha baridi ya milima yao, ningejikata vidole na ningejitibu, ningekosea na ningejicheka. Yalikuwa yanakimbia kinywani hata sikuyahesabu. Nilifurahi mno, nikawa nampigia mwalimu kelele kana kwamba Kolombia ni ng'ambo ya bonde.

Halafu mwalimu akamtazama mama. Akaniomba nimuulize swali moja: mwanao angeondoka, ungehuzunika?

Nikatafsiri, huku nikijua jibu. Lile lile: "Nani amekushika?"

Mama hakusema hivyo. Alikaa chini kabisa, akaitazama simu, si mimi, akasema kwa Kihaya, polepole, kama mtu anayeongea na mwanamke mwenzake: "Ningehuzunika. Ningelia, ila si mbele yake, maana akiniona hatakwenda. Ningekaa hapa jioni nikisikiliza kama kuna mtu wa kunichokoza, kama afanyavyo yeye. Halafu ningezoea. Mama akizaa anajua mtoto ni wa kuondoka."

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwingine. Kwa hiyo nilifungua kinywa changu, chenye kahawa ya mgeni, nikasema: me pondría triste. Ningehuzunika. Ningelia, si mbele yake. Me sentaría hapa. Me acostumbraría, ningezoea. Sikuruka neno hata moja.

Mwalimu alishusha kalamu. Akasema hana swali jingine, na kwamba nafasi ni yangu, wananingoja.

Niliruka nikapiga kigoda teke, simu ikatumbukia kwenye kahawa iliyoanikwa. Mama hakungoja tafsiri. Aliuona uso wangu akapiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio na panga lake la kupogolea, akidhani kuna nyoka, kisha naye akajiunga kucheza bila kujua tunacheza nini. Tulikanyaga kahawa, tulicheka, nilimbeba mama mgongoni nikazunguka naye mibuni mitatu.

Jirani alipoondoka, mama alipiga magoti kukusanya punje zilizotapakaa. Nikapiga magoti nami.

"Yale maneno yangu," akasema, "ulimwambia yote?"

"Yote."

"Hata la kulia?"

"Hata hilo."

Akapuliza vumbi kwenye kiganja chake, hakuniangalia.

"Hilo ungeliacha," akasema.