Gitaa Halipakwi Dawa

Ipo siku moja naikumbuka kila unaponiuliza swali lako lile, mwanangu, na umeniuliza mpaka nimechoka: eti nilipaka nini kwenye gitaa, hata watu wakabaki uwanjani bila mwimbaji? Jana umekuja tena na kijisanduku kingine cha kubadilisha sauti, na bado hujui kumaliza wimbo mmoja. Kaa chini unisikilize, maana sitarudia.

Miaka ya sabini nilikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi moja pale Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Mgodini kulikuwa na umeme, bendi ilikuwa na amplifaya, na mimi nilikuwa na santuri za roki alizoniachia fundi mmoja mgeni. Nikazichanganya na mapigo ya ngoma za kwetu, nikatunga vipande visivyo na neno hata moja. Watu wakaulizana, "Huyu mbona haimbi, anaumwa koo?" Kiongozi wetu, Bwana Hamisi, akachoka na mimi.

"Baada ya mavuno tunashindana na bendi kutoka Geita," aliniambia. "Watu wakikukimbia, hivyo vipande vyako basi. Naleta mwimbaji, wewe utamsindikiza."

Mashindano ya kwetu unayajua. Vikundi viwili hupiga kwa wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, na anayebaki na watu ndiye mshindi. Ndiyo maana manju, viongozi wa ngoma, hawakuwa wakiingia uwanjani bila dawa ya kuvuta watu. Basi nami, badala ya kufanya mazoezi, nikafunga safari hadi kwa Mzee Shija, manju mkongwe wa ngoma ya majembe huko vijijini Shinyanga. Nikamwamkia, nikamwomba dawa ya kupaka kwenye nyuzi.

Alinitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kwenye mihogo yake.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "kesho vijana wanalima kwangu. Njoo na gitaa lako. Habari ya dawa baadaye."

Asubuhi nikawakuta wamejipanga mstari shambani. Kwetu watu walilima kwa ngoma: pigo likishuka na jembe linashuka, mstari mzima unasogea pamoja. Siku hiyo mzee akawanyamazisha wapiga ngoma, akaniambia nipige mimi na gitaa langu kavu, lisilo na umeme.

Nikaona wakati wangu umefika. Nikazimwaga noti! Vidole vinakimbia, nyuzi zinalia, pa kupumulia hakuna. Huyu akainua jembe, yule akashusha, wa tatu akasimama kunishangaa. Majembe mawili yakagongana, moja likapita karibu kabisa na mguu wa kijana mmoja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nimvunje guu mwenzangu. Mzee Shija akaja mbio akanishika mkono.

"Unampigia nani?"

"Nawapigia hawa, babu."

"Mwongo! Unajipigia mwenyewe. Jembe litashuka saa ngapi na wewe hunyamazi? Mtu unamtaka acheze, na hujamwachia pa kuweka mguu. Dawa gani itakusaidia?"

Niliona aibu, mwanangu, mpaka machozi yakanilenga. Dawa sikupewa. Msimu ule wote, kila siku yangu ya mapumziko, nilikwenda kuwapigia wakulima wa mzee yule, na sharti lao lilikuwa moja: nikivuruga pigo, naweka gitaa chini nalima. Nililima sana! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kweli. Taratibu nikajifunza kupiga kidogo, kunyamaza, kusubiri chuma kiingie udongoni, ndipo nijibu.

Siku ya mashindano ikafika. Wale wa Geita walikuja na mwimbaji mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na watu wote wakaenda kwake. Sisi tukabaki na watoto na mbwa. Bwana Hamisi akanikazia macho. Zamani ningeongeza mbio; safari hii nikapunguza. Nikapiga, nikanyamaza, nikawaachia besi na ngoma wanijibu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anapita kwenda kule. Mguu wake ukashuka palepale niliponyamaza. Akasimama, akakanyaga tena, kisha akageuka kwetu. Akafuata mwingine, na mwingine. Kabla jua halijazama, mwimbaji mwenyewe wa Geita aliacha kipaza sauti chake akaja kucheza kwetu. Bwana Hamisi hakutaja tena habari ya kuleta mwimbaji, na nikapiga miaka mingi, mpaka Nkome kwa wavuvi wa ziwani, bila kufungua mdomo.

Sasa umesikia, usiniulize tena. Debe tupu haliachi kuvuma, na hicho kijisanduku hakitalijaza. Unapopiga, acha kuvitazama vidole vyako. Tazama miguu ya watu. Mpe kila mmoja nafasi, mpe na mwenzako wa besi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Wakikuondokea usiwalaumu, wala usikimbilie dukani kama mimi nilivyokimbilia dawa. Rudi ukajifunze kunyamaza.

Mungu akulinde, mwanangu, ingawa unanichosha. Akupe vidole vyepesi na masikio mapana, akupe na mzee mkali wa kukushika mkono nitakapokuwa sipo. Na siku utakayoinua macho kutoka kwenye nyuzi, akujalie uwakute watu bado wapo.