Wageni wa Shamba la Kiringye

Juzi nilirudi Kiringye kwa pikipiki niliyoipanda Luvungi. Dereva alizima mashine mbele ya shamba letu, akatazama huku na huku. "Dada, hapa njo kwenu? Lakini hapa hapana kitu!" Nilimlipa, nikashuka.

Ungepaona zamani, rafiki yangu. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Tate, alikuwa na desturi moja wakati wa kupalilia. Akikuta mche asioujua, ulioletwa na ndege au maji, aliuzunguka kwa jembe na kuuacha. Tukiuliza, alisema, "Hii iko mugeni. Mugeni hafukuzwi kama hajasema kile kimemuleta." Kwa hiyo mahindi yetu yalikuwa na vijiti vya kila aina katikati, na majirani walimcheka.

Kisha vita vikaja, tukavuka mto Ruzizi na magodoro kichwani. Tukawa sisi wageni wa watu kwa misimu kadhaa. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeungua, lakini shamba lilikuwa limegeuka msitu. Wale wageni wa Tate walikuwa wamekua wote pamoja: mvumu, mgunga, murinzi wenye maua mekundu, mipera. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na laini. Asubuhi njiwa walipiga kelele mpaka tukashindwa kusikiana, na mimi niliokota kuni kavu za kupikia ugali wa muhogo na ndagala wa ziwani. Nilipokohoa, Tate alichemsha ganda la kijiti kilichoota karibu na kichuguu. Uchungu wake ninao mdomoni hadi leo.

Mwaka huo mwalimu wetu alitugawia miche ya mikalitusi. Alisema msitu mzuri ni ule ulionyooka, na kwamba nguzo zake zingejenga upya kijiji chote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikiongoza darasa, na nilimwonea haya Tate kwa msitu wake wa fujo. Nilimsumbua siku nyingi tuukate. Mwishowe aliketi chini, akanipa panga. "Sawa. Weye njo mwenye umesoma."

Tulikata wiki nzima, tukapanda mistari iliyonyooka kama ya madaftari yangu. Nimejiuliza mara nyingi: kama ningeugua siku ile ya miche? Kama Tate angenipiga kofi tu?

Vita vilirudi kabla mikalitusi haijafika kimo changu. Safari hii tulikimbilia Uvira, tukabaki katika mtaa wa Kimanga mpaka leo. Huko mjini nilisoma kilimo. Nilifundishwa kwa maneno marefu kwamba miti ya aina nyingi ikiota pamoja, ugonjwa wa mmoja hauimalizi yote, na majani ya kila mmoja hulisha udongo kwa wakati wake. Nilinakili vizuri. Nilipata alama nzuri pia.

Juzi nilisimama kwenye mistari yangu. Mchwa walikuwa wamepita kutoka mti hadi mti, bila kuruka hata mmoja. Visiki vilivyobaki vilikuwa vitupu ndani, na udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Ng'ambo ya mfereji, shamba la jirani lilikuwa msitu mzito wenye kila rangi ya kijani, na njiwa wote walikuwa kule. Jirani yule na watoto wake hawajarudi tangu vita vya kwanza. Hakubaki mtu wa kwao wa kuukata. Niliuonea wivu, kisha nikaogopa wivu wangu.

Tate siku hizi haoni. Niliporudi Kimanga alinishika mkono. "Wageni wangu wangaliko?" Sikujua kama amesahau kwamba tuliwakata, au ananipima.

"Wangaliko, Tate."

"Niambie." Akakunja ngumi, akaanza kufungua vidole.

Mvumu, nikasema. Kidole. Mgunga. Murinzi. Mpera. Mti wa maziwa kule mpakani mwa shamba. Mkono mmoja ukaisha, akainua kidole gumba cha mkono wa pili, akangoja.

"Na ule wa kichuguu, Tate. Ule nao ungaliko."

"Ule gani? Unaitwaje?"

Nilikumbuka uchungu wa maji yake, mvuke wake na sufuria yake nyeusi. Jina halikuja. Hakuna kitabu changu chochote kilicho nalo, na Tate hakunisaidia. Alishusha kidole polepole, akageuza uso ukutani.